Mysore pak inatoka ngumu na haina vitundu, nakosea wapi?

Muulizaji: Habari wadau. Natafuta ile Mysore pak, kitamu cha dengu na samli cha jimbo la Karnataka, India, yenye vitundu, inayomeguka kwa kidole. Vipimo: unga wa dengu kikombe 1, sukari 2, samli 2, maji nusu. Shira nachemsha mpaka inanata, natia unga, kisha samli kidogokidogo. Inatoka bapa, ngumu, haina tundu hata moja. Nipunguze sukari?

Jibu 1: Vipimo usiviguse. Vitundu vinakosekana kwa sababu samli yako imepoa. Iweke kwenye sufuria yake, jiko la pili, iwe moto muda wote: punje ya unga ikidondoka humo ichemke papo hapo. Ukimimina upawa mmoja lazima usikie "chaa" na uone povu likipanda. Maji yaliyomo kwenye shira yanageuka mvuke ghafla, na njia unazopita mvuke huo ndizo vitundu. Samli iliyopoa hunywewa tu na unga. Koroga hadi upawa wa kwanza unywewe, ndipo umimine mwingine. Wa mwisho uwe wa moto kuliko yote.

Jibu 2: Ugumu ni suala la shira. Hata jina linasema: "paka" kwa Kikannada, lugha ya Karnataka, ni shira. Kunata hakutoshi. Chukua tone, lipoe kidogo, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha viachanishe taratibu. Ukivutika uzi mmoja, tia unga mara moja; kipimajoto kitaonyesha kama 105 za sentigredi. Muda mfupi tu baadaye shira inapitiliza, na ikipitiliza unapata jiwe. Ikiwa haijafika, haigandi, inabaki uji mzito. Iliyopitiliza inaokoleka: ongeza vijiko viwili vya maji, chemsha upya, pima tena. Ila iokoe kabla hujatia unga.

Na unga ukaange kwanza kwa moto mdogo dakika 4 au 5, harufu ya ubichi itoke bila rangi kubadilika, ndipo uchekeche. Mabonge yakishaingia kwenye shira hayavunjiki.

Muulizaji: Asanteni sana. Nitajuaje wakati wa kuepua? Na samli naweza kuchanganya na mafuta?

Jibu 3: Mchanganyiko unaachia kingo za karai, unajaa povu, na samli inaanza kujitokeza pembeni. Epua hapohapo; ukichelewa inakuwa mchanga. Trei iwe na kina na iwe imeshapakwa samli, maana unene ndio unaotunza joto: katikati huendelea kuiva na kuwa kahawia huku juu na chini pakibaki njano. Mstari huo ni sifa, si kasoro. Usikandamize juu, utaziba vitundu. Kata baada ya dakika 5 hadi 10, ikiwa bado ya moto. Ikipoa kabisa inapasuka ovyo.

Mafuta nusu kwa nusu yanakubali, povu linapanda vizuri tu.

Jibu 1: Povu litapanda, ladha haitakuwepo. Kitamu hiki hakina kingine cha kukibeba zaidi ya samli na dengu. Kama samli ni chache, pika nusu ya kipimo.

Jibu 2: Naunga mkono. Halafu jihadhari na maelekezo ya ile laini isiyo na vitundu. Ile unga hukorogwa kwanza na samli ya vuguvugu ndipo uingie kwenye shira, na huepuliwa mapema zaidi.