Msitusukume mlangoni wakati haki yetu haijalipwa

Nina hasira tangu Ijumaa na nimeshindwa kuzimeza. Najua wengi humu ni vijana, kwa hivyo nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanirukia.

Mimi ni mama wa miaka 58, karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa kisiwani Mombasa. Ijumaa alikuja kijana, umri wa kitinda mimba wangu, anatafuta faili la marehemu babake. Kwenye kompyuta halikuonekana. Mafaili ya zamani hayamo humo, kazi ya kuyaingiza ilianzwa ikaachwa njiani. Nikamwambia, mwanangu, nipe dakika chache niingie stoo. Akawageukia waliokuwa kwenye foleni akasema kwa sauti, "Ndiyo maana sisi hatupati kazi. Wazee wamejazana maofisini, kwenda nyumbani hawataki." Watu wakacheka.

Niliingia stoo. Mafaili ya miaka ile yalibadilishwa nambari, na daftari lililoonyesha nambari ya zamani na mpya limeharibiwa na unyevu, kurasa zimegandana. Anayejua nambari ipi ilikuwa ipi ni mimi na mwenzangu mmoja, naye anastaafu Desemba. Faili nililipata, nikalipangusa vumbi, nikamkabidhi. Hata ahsante sikupewa. Nikajifungia huko nyuma nikalia, mtu mzima miye.

Nani aliwaambia hatutaki kwenda nyumbani?

Nilipoajiriwa mwaka 1990 tulikuwa makarani saba kwenye chumba kile. Halafu miaka ya tisini serikali ikabanwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ipunguze wafanyakazi. Wenzetu wakapewa pesa za kustaafu mapema wakaenda zao, na ajira ikafungwa. Wale ambao wangeingia wakati ule leo wangekuwa na miaka hamsini kasoro, wameiva, wanatusukuma kwa haki kabisa kwa sababu kazi wanaijua. Hawakuajiriwa. Ingieni kwetu mtazame: mvi upande huu, watoto wa juzi upande ule, na katikati viti vitupu. Mwaka 2009 tena umri wa kustaafu ukapandishwa kutoka 55 hadi 60. Hakuna karani aliyeitwa kuulizwa. Tuliletewa waraka, tukausoma, tukaendelea na kazi.

Na msiniambie tunabania ujuzi. Nimeletewa wanagenzi, vijana wazuri, wana digrii, wana adabu. Mmoja, msichana wa Kisauni, alikuwa na akili ya ajabu. Kufikia mwezi wake wa nane kwetu alikuwa anaingia stoo peke yake na kutoka na faili nisiloweza kulipata mimi kwa haraka ile. Muda wa mafunzo ni miezi 12. Ilipokwisha akapewa cheti, akaaga, akaenda. Niliandika barua mbili kuomba abakishwe, hata kwa mkataba. Sikujibiwa. Leo anauza nguo Kongowea, na mimi nimeletewa mwingine wa kuanza naye alifu kwa kijiti. Kwa hivyo kijana wangu wa Ijumaa, kama unasoma hapa, kiti unachokitaka nilikiombea mtu wa umri wako kwa kalamu yangu, mara mbili.

Sasa nije kwenye linaloniumiza zaidi, pensheni.

Sisi wa mpango wa zamani hesabu yetu ni hii: unachukua miezi uliyotumika, unaigawanya kwa 480, unazidisha kwa mshahara wako wa msingi wa mwisho. Marupurupu ya nyumba hayahesabiwi. Aliyetumika miaka 30 ana miezi 360, basi pensheni yake ni robo tatu ya mshahara wa msingi. Tuseme msingi ni shilingi 40,000, pensheni inakuwa 30,000 kwa mwezi. Akichukua mkupuo, yaani pesa za mara moja anapostaafu, robo ya hiyo pensheni, yaani 7,500, inazidishwa kwa miezi 12 kisha kwa miaka 20, anapewa 1,800,000 na kila mwezi anabaki na 22,500. Si pesa za anasa, lakini mtu anaweza kuezeka nyumba yake na kula. Tatizo ni kwamba pesa hizi hazikai kwenye akaunti yoyote zikikungoja. Zinatoka Hazina, kwenye kodi, na Hazina ikichelewa na wewe unachelewa. Wenzetu waliokuwa chini ya miaka 45 wakati mpango mpya ulipoanza, Januari 2021, wanakatwa asilimia 7.5 na serikali inawawekea 15. Wao angalau kuna mahali pa kutazama akiba yao. (Wale waliorithiwa na kaunti kutoka mabaraza ya zamani mwaka 2013 wana kilio kingine, cha makato yasiyofika kwenye mifuko. Hicho kinataka uzi wake.)

Dereva wetu mmoja, mtu wa Likoni, alistaafu miezi kumi na minne iliyopita. Miaka 33 amewaendesha wakubwa usiku na mchana. Mpaka leo hajaona senti. Kwanza aliambiwa karatasi ziko Nairobi. Kisha akaambiwa barua yake ya kuthibitishwa kazini haimo kwenye faili, ailete yeye. Barua hiyo aliandikiwa na mwajiri, ikawekwa na mwajiri, imepotezwa na mwajiri, halafu anayetumwa kuitafuta ni mzee wa miaka 61! Kadi ya matibabu ilikatika alipostaafu, na ana sukari. Anavuka feri kwa miguu kwa kuwa haina nauli, kisha anapanda ule mlima hadi mjini na bahasha yake kwapani. Kiatu chake cha kushoto kimefungwa kwa kamba. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima na wasaidiwe na familia na dola. Hebu mwenye macho anionyeshe heshima hapo.

Wakati huohuo mkubwa mmoja wa idara yetu alifika 60, akapewa mkataba, ulipokwisha akaongezwa mwingine. Huyo ndiye anayekalia nafasi, na chini yake kuna mtu ni kaimu mwaka wa tano hapandishwi. Lakini vijana hawamwoni, yuko ghorofani nyuma ya sekretari. Wanayemwona ni mimi dirishani, basi matusi napewa mimi.

Ninalotaka ni jambo dogo. Niajirieni mtu leo, nimfundishe miaka hii miwili iliyobaki, nimwonyeshe kila rafu. Na karatasi zangu zishughulikiwe nikiwa bado kazini, mwezi nitakaoacha mshahara ndio nianze pensheni. Nikipewa hayo mawili nitaondoka siku ile ile bila kuaga mara mbili.

NYONGEZA: Kuna aliyeniuliza mbona sikuondoka mapema, maana sheria inaruhusu kuanzia 50. Nilitaka. Fomu niliichukua. Nikamwona dereva wetu amekaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi mpaka tunafunga, nikairudisha fomu mtotoni mwa meza.

Kesho Jumatatu atakuja tena. Nimeomba ruhusa nichimbe mafaili ya mwaka alioajiriwa, moja baada ya jingine, mpaka barua ile ipatikane. Kama kuna mtu humu aliwahi kukubaliwa kwa hati ya kiapo mahali pa barua ya kuthibitishwa, tafadhali aniandikie alifuata njia gani.