Mayai ya Pasaka ya chokoleti Uingereza: tunauziwa kadibodi na hewa, halafu tunashukuru kwa ofa

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wazazi, mashangazi na wajomba mlioko Uingereza. Krismasi haijapoa, maduka yameshapanga mayai ya Pasaka hadi mlangoni, na kila mwaka tunaingia mkenge uleule. Inaudhi kuona watu wazima wanabeba maboksi sita ya "ofa" bila hata mmoja kugeuza boksi asome nyuma.

Fungua boksi lolote la saizi ya wastani. Kadibodi, kishikizo, foili, kisha yai lililo wazi ndani. Debe tupu, na kweli linavuma. Mengi ya saizi hiyo yana gramu 100 hadi 130 hivi za chokoleti. Mtoto hajui gramu, anatazama ukubwa wa boksi. Anayeuza anajua vizuri kwamba anayechagua ni mtoto na anayelipa ni wewe.

Namba ya kutazama ni bei kwa gramu 100. Iko kwenye lebo ya shelfu, maandishi madogo chini ya bei kubwa. Kwenye yale marundo ya mlangoni utaitafuta mpaka uchoke, na ikiwa kuna bei ya wenye kadi ya duka, mara nyingine hesabu hiyo imebaki ya bei ya kawaida. Toa simu, gawa bei kwa gramu, zidisha kwa 100. Mfano: yai la pauni 5 lenye gramu 150 ni pauni 3.33 kwa gramu 100. Baa ya chokoleti hiyohiyo ya gramu 180 kwa pauni 2.50 ni pauni 1.39. Tofauti ya karibu pauni 2 umelipia umbo. Sawa, Pasaka bila umbo la yai haina raha kwa mtoto, sikatai. Lakini likizidi mara mbili ya bei ya baa yake, mimi nasema lirudi kwenye shelfu.

Halafu kuna mchezo wa uzito wa jumla. Boksi limeandikwa gramu 230, unafurahi. Ukisoma vizuri, ndani kuna yai na baa mbili au pakiti ya peremende, na vyote vimejumlishwa. Si wizi, imeandikwa, ila baa hizo ungezipata shelfu ya pili kwa bei ya baa. Toa bei ya baa hizo kwanza, kisha gawa kinachobaki kwa gramu za yai lenyewe. Mayai yenye kikombe au mwanasesere ni hadithi hiyohiyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu kikombe chenyewe mara nyingi ni cha kawaida kabisa na yai lake ni dogo.

Wanaopenda mayai marefu nao wasikie. Yai likiwa refu mara mbili, eneo la ganda lake ni mara nne. Ili unene ubaki uleule, linahitaji chokoleti mara nne. Sasa linganisha gramu za yai dogo na za lile kubwa. Zikiwa hazijafika hata mara mbili, ganda la lile kubwa ni jembamba kama karatasi, na litafika nyumbani vipande. Tikisa boksi taratibu kabla ya kulipa. Ukisikia mchakacho, chukua lingine.

Tunaambiwa ni kokoa imepanda. Ni kweli ilipanda: mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa mabaya, na Desemba 2024 bei ya kokoa kwenye soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani. Lakini tufanye hesabu. Chokoleti ya maziwa inayouzwa Uingereza inaruhusiwa kuwa na kokoa asilimia 20 tu. Gramu 100 zina gramu 20 za kokoa. Ukihesabu na maganda yanayotupwa, ni kama gramu 25 za mbegu. Kwa dola 12 kwa kilo, hiyo ni senti 30 za dola, na hapo ni kileleni. Mwaka 2025 bei ikashuka sana. Kuna sukari, maziwa, usafiri, mishahara na kodi ya VAT ya asilimia 20 juu yake (keki ya chokoleti haitozwi, yai la chokoleti linatozwa, mtajua wenyewe). Sawa. Ila msituambie kokoa pekee ndiyo imelifikisha yai hapo.

Hiyo asilimia 20 ya kokoa isomeni vizuri. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, chokoleti ya maziwa ya kawaida inatakiwa iwe na kokoa angalau asilimia 25. Uingereza na Ireland zimeruhusu ile ya asilimia 20 yenye maziwa mengi iitwe chokoleti ya maziwa tu. Kwa hiyo mayai mawili yenye jina lilelile yanaweza kuwa vitu viwili tofauti. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, na nyingi za chokoleti ya maziwa zinaanza na sukari, hilo lisikutishe. Tazama asilimia ya kokoa, kisha tazama kama kuna mafuta ya mawese au shea. Mafuta ya aina hiyo yanaruhusiwa hadi asilimia 5. Na bidhaa ikiitwa "yenye ladha ya chokoleti", elewa kwamba haikufikia kiwango cha kuitwa chokoleti. Usiilipie bei ya chokoleti.

Kwa umri: chini ya miaka 3 usichukue lenye mwanasesere ndani. Alama ni duara lenye uso wa mtoto, 0-3 na mstari wa kukata. Vile vimayai vidogo vigumu vyenye ganda la sukari ni hatari ya kukaba hata kwa wa miaka 4. Yai lililo wazi ndani linavunjika vipande bapa, ni salama zaidi. Na moja linatosha. Ushauri wa afya huku ni gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6. Yai la gramu 100 la maziwa lina sukari nusu na zaidi, yaani kipimo cha zaidi ya siku mbili kimeisha. Mnaonunulia mtoto mmoja mayai matano mnamnunulia daktari wa meno.

Nawasilisha. Mwenye nyongeza alete, mwenye kutetea maboksi alete hesabu.

Jiko la Leicester:
Mleta uzi umesahau wanaosafirisha. Kila Machi watu wanajaza masanduku mayai kwenda Dar na Mombasa, halafu wanalalamika yamefika unga. Siagi ya kokoa huanza kulainika kabla ya nyuzi 30 na kwenye 34 imeyeyuka. Kwenye ndege hakuna shida, shida ni foleni ya teksi na sanduku lililolaliwa na mengine. Pelekeni baa nene. Na yakifika yakiwa na utando mweupe msiyatupe, si ukungu. Ni mafuta yaliyopanda juu baada ya kuyeyuka na kuganda upya. Ladha imepungua, madhara hakuna. Hata huku msiyaweke friji, yakitoka yanatoa jasho, na jasho likikauka linaacha chengachenga za sukari juu. Kabati la nyuzi 15 hadi 18 linatosha.

Binti Kisauni:
Kuhusu mzio: usidhani kwa sababu mtoto anakula baa fulani basi yai la jina hilohilo ni salama. Mayai yanaweza kutengenezwa kwenye laini nyingine, na onyo la karanga likawa tofauti. Soma boksi la mwaka huu, si la mwaka jana. Vizio viko kwa herufi nzito ndani ya orodha.
Na kwa Waislamu ambao watoto wao wanagawiwa mayai shuleni: chokoleti tupu ya maziwa kwa kawaida haina tatizo, tatizo ni vya pembeni. Jeli na marshmalo huwa na jelatini, mara nyingi ya nguruwe. Rangi E120 inatokana na wadudu. Mayai mengine ya watu wazima yana pombe ndani, na maboksi yake yanafanana na ya watoto kuliko inavyopaswa.

Mchele Mmoja:
Mnabishana bei na hamtaji tarehe. England na Wales maduka makubwa yanafungwa Jumapili ya Pasaka kwa sheria. Kwa hiyo punguzo linaanza Jumamosi jioni, na Jumatatu asubuhi ndiyo linakuwa la kweli. Tarehe ya "bora kabla ya" huwa miezi mbele. Wenye Pasaka ya Kiorthodoksi mna bahati mwaka 2026: Pasaka nyingine ni Aprili 5, yenu ni Aprili 12. Nunueni Jumatatu ya tarehe 6.
Ila usisubiri kama mtoto anataka la mhusika fulani wa katuni. Hayo huisha kwanza, yanayobaki ni yale makubwa ya ganda la karatasi.

Jiko la Leicester:
Au tengeneza. Kalibu ya plastiki ngumu ya nusu mbili unaitumia miaka. Kata chokoleti ya maziwa, yeyusha theluthi mbili juu ya maji ya moto hadi nyuzi 45, mimina theluthi iliyobaki ikiwa imekatwa ndogondogo, koroga hadi ishuke 29 au 30. Paka tabaka la kwanza, acha likauke, paka la pili, kingo zaidi ya katikati kwa sababu ndipo hupasuka. Friji dakika 15. Joto likiwa sahihi, chokoleti inanywea na kuachia kalibu yenyewe. Iking'ang'ania, hukuipoza vizuri, yeyusha uanze upya. Tone moja la maji likiingia, inakuwa tope na hairudi. Kuunganisha, gusisha kingo kwenye sahani ya moto sekunde 2, bandika.

Mleta uzi:
Mkuu, nimepiga hesabu yako kwa baa ya pauni 1.39 kwa gramu 100. Yai la gramu 200 ni pauni 2.78, bila kalibu. Wa maboksi bado nawasubiri.