Wakuu, Jumamosi nampeleka baba mgahawa wa kishua Masaki, naombeni ushauri

Binti Mwalimu:
Habari za jioni wakuu. Jumamosi baba yangu anakuja Dar kutoka Dodoma. Ni mwalimu mstaafu, kafundisha shule ya msingi miaka 36, na hajawahi kula sehemu ya kishua hata siku moja. Nataka nimpeleke mgahawa mmoja wa kisasa Masaki, zile sehemu za kuweka nafasi kabla, kila mtu ana glasi tatu mbele yake na chakula kinaletwa kidogo kidogo. Tutakuwa watatu: mimi, baba na mdogo wangu. Nina 300,000. Itatosha? Na nimwagizie nini ambacho hatapata nacho tabu? Siku ya tatu sasa silali vizuri. Natanguliza shukrani.

Nahodha wa Feri:
Inatosha ukienda kwa hesabu. Mkishakaa tu mtaulizwa maji ya kawaida au ya gesi. Yote yanauzwa, na chupa moja pale ni bei ya katoni huku mtaani. Kisha soma maandishi madogo chini ya menyu. Kwingine VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei, kwingine wanaiongeza mwisho pamoja na ya huduma, asilimia 10. Hapo chakula cha 220,000 kinapita 280,000 na bado hujamwachia mhudumu kitu. Kambakochi akiandikwa "bei ya soko" mpite, anauzwa kwa uzito. Na wakikutajia dola, kataa. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni.
Mimi nauza samaki, hawa watu ni wateja wangu. Kuna mmoja alinialika siku moja, akaletewa jodari mbichi amekatwa vipande vyembamba. Nikakaa nasubiri wamrudishe jikoni. Kumbe ndiyo tayari! Yule jodari nilimpeleka mwenyewe alfajiri.

Mama Watatu:
Mwanangu, wazee hawana haja na glasi tatu. Mpeleke Coco Beach, mnunulie mihogo na mishikaki, akae apigwe na upepo wa bahari. Njiani mpitishe Daraja la Tanzanite alione. Marehemu baba yangu nilimpeleka hoteli kubwa, akala kimya, tukafika nyumbani akaomba ugali. Nilipika saa tano usiku nikiwa na viatu vyangu virefu miguuni.

Afande Mstaafu:
300,000 kwa mlo mmoja! Hiyo ni saruji, hiyo ni bati. Vijana mnapenda kuonekana. Muulize mzee wako kwanza kama paa lake halivuji.

Kipara wa Kinondoni:
Afande, paa lako linavuja nini? 😂
Mleta mada, mimi nina swali moja tu. Dar ina migahawa kibao, kwa nini huo? Na mtu anayemlisha baba yake anakosaje usingizi siku tatu? Kuna kitu hujasema.

Binti Mwalimu:
Asante Nahodha, nimeandika yote kwenye daftari. Mama yangu, nimekusikia, ila Coco haiwezekani. Kipara, baba mwenyewe ndiye aliyepachagua.

Kipara wa Kinondoni:
Mzee wa Dodoma amepajuaje Masaki?

Binti Mwalimu:
Ndipo ninapofanya kazi.
Baba anajua mimi ni msimamizi pale, nimemwambia hivyo miaka miwili. Ukweli ni kwamba naosha vyombo, wenyewe wanatuita stiwadi. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake ilikwenda kwenye ada yangu ya diploma ya hoteli. Nilipopata kazi akapiga simu kuuliza cheo. Nikasikia nyuma yake watu wamekaa wanasubiri jibu, basi likanitoka hilo. Sikuwa na nia mbaya.
Mambo nimeshayapanga. Jumamosi nina mapumziko, meneja hayupo zamu, na wahudumu wawili wamekubali kuniita madam. Gauni nimeazima. Kwa hiyo msinishauri nimwambie, hilo nimeshalifikiria. Nisaidieni tu siku ipite.

Fundi Saa:
Akiomba kuiona ofisi yako utamwonyesha friji?

Mama Watatu:
Fundi, acha. Binti, kuosha vyombo si wizi. Mdogo wangu aliosha vyombo Muscat miaka sita, nyumba ya mama aliijenga yeye.

Afande Mstaafu:
Uongo ni deni, na mdai mwenyewe ndiye baba yako. Ushauri wangu wa bati unabaki palepale.

Kipara wa Kinondoni:
Wakuu, amkeni, tunanyweshwa chai. Mtu anafanya kazi mgahawani miaka miwili, halafu anakuja kutuuliza sisi bei na chakula gani kizuri? Nahodha umepiga hesabu za VAT bure. Nilimuuliza swali dogo, ikatoka hadithi nzima yenye kiinua mgongo na gauni la kuazima. Mods, uhamisheni uzi jukwaa la simulizi.

Fundi Saa:
Dah, na mimi nilishaanza kulengwa na machozi. Chai ya maziwa kabisa.

Dogo Mabibo:
Nakazia. Angekuwa wa pale angeuliza wenzake.

Binti Mwalimu:
Wenzangu nimewaomba waniite madam, nitarudije tena kuwauliza bei ya samaki?
Kaka Kipara, sijawahi kuishika ile menyu. Tunaingilia mlango wa nyuma na kutokea huohuo. Masinki yako kwenye korido baada ya jiko, ukumbi siuoni. Chakula mimi nakijua kikirudi. Pweza anarudi nusu, wanaonja tu. Mkate wa mwanzo unaisha, siagi inabaki na alama ya kisu. Yale majani ya kupambia yanarudi yote, hakuna anayeyala. Samaki anakuja kwenye sahani nyeusi pana, nzito, ukiivunja unakatwa mshahara. Keki ya chokoleti hairudi hata chembe. Kuna mguu wa kondoo unapikwa taratibu tangu mchana, na kila siku narudishiwa mfupa umesafishwa unang'aa. Jina lake kwenye menyu silijui. Bei yake ndiyo nilikuwa nauliza.

Nahodha wa Feri:
Mimi napeleka samaki kwa mlango huo wa nyuma, sehemu nyingi. Masinki yako hivyohivyo, na wanaoosha ndio wanaonisaidia kushusha maboksi. Huyu simdhanii chai.
Dada, jibu la swali lako la kwanza umeshajipa. Mwagizie baba huo unaorudi mfupa mtupu. Huko ninakopeleka mzigo hauvuki 80,000. Ninyi wawili chukueni kolekole, maji chupa moja kubwa, keki moja na vijiko vitatu. Hamfiki 300,000.

Kipara wa Kinondoni:
Sawa, hayo majani ya kupambia yamenimaliza. Nafuta neno langu, samahani dada. Ila nikuambie kitu. Mama yangu alikuwa mwalimu. Mtu aliyesahihisha madaftari miaka 36 anamjua aliyenakili kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Na mezani mtakaa mkitazamana, mikono yako itakuwa juu ya meza. Miaka miwili ya sabuni na maji ya moto huwezi kuiazimia gauni.

Mama Watatu:
Mafuta ya nazi usiku, mwanangu, uvae na soksi mikononi. Lakini Kipara kasema kweli.

Binti Mwalimu:
Nimesoma hapo nikaiangalia mikono yangu.
Baba kapiga simu sasa hivi. Kakata tiketi ya SGR, daraja la kawaida, 31,000, kaisoma namba ya behewa mara mbili ili niiandike. Kaniuliza kama huko kwenu, yaani kwetu, wanaume huvaa tai. Nimemwambia avae ile ya siku ya kustaafu.
Nikawapigia wale wahudumu wawili. Nimewaambia hilo la madam waliache, Jumamosi waniite jina langu. Mengine sijaamua.