Mjadala: tenzi za kale ziandikwe upya kwa Kiswahili sanifu, au ziachwe zilivyo?

Wakuu, kila yakianza mazungumzo ya fasihi shuleni lazima atokee mtu aseme hizi tenzi za Lamu na Pate zibadilishwe maneno ziwe sanifu ili madogo waelewe. Mimi napinga, na ngoja nioneshe kwa mfano maana tukiongea hewani tutakesha.

Utendi wa Mwana Kupona, mshairi aliyeutunga 1858 akiwa mgonjwa, anamuusia binti yake Mwana Hashima. Ubeti wa kwanza:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Soma kwa sauti, usipitishe macho tu. Mizani, yaani silabi, nane nane (ile n ya bi-n-ti ihesabu, wengi wanajikwaa hapo). Sasa tusanifishe. "Negema" weka "sogea", haina shida, mizani mitatu kwa mitatu. "Upulike wasiati" weka "usikilize wasia", hesabu tena, nane kamili! Mtu wa kusanifisha anashangilia hapo. Ila sikiliza kilichotokea: -ti imepotea, na si kupotea tu, "wasia" inaishia na -ia, na hiyo -ia ndiyo kina cha bahari, ndiyo inayofunga kila ubeti kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa utendi wote. Yani mshororo wa tatu umeshafunga mlango kabla wa nne haujaingia, msikilizaji anadhani ubeti umeisha halafu anashtukia kuna mwingine unakuja. Neno moja tu hilo.

Na mimi naamini utamu wa huu utendi uko hapohapo, mara tatu -ti -ti -ti kama mtu anayegonga kidole mezani, halafu sauti inashuka kwa -ia. Mama anamtuliza mtoto asikie. Nipingeni.

Jibu 1
Mkuu nakuelewa ila wewe huingii darasani. Mimi nafundisha kidato cha tatu, nikisema "upulike" nusu ya darasa wanadhani kuna kitu kinapulizwa. Utamu gani kwa mtu asiyeelewa? Halafu mengine unakuza tu, ubeti wa tatu unaanza "Ndoo mbee ujilisi", ukiweka "Njoo mbele ujilisi" mizani nane ileile, kina kilekile, na mtoto haulizi tena ndoo ya maji imetoka wapi.

Mleta mada
Hahaha mwalimu hiyo ya ndoo nakupa, kweli haivunji kitu. Ila umeona na wewe mwenyewe "ujilisi" hukuigusa? Ungeweka "uketi" ungekwama na "qaratasi" inayofuata. Ndo ninachosema, maneno ya katikati yanavumilia, ya mwisho hayaguswi. Weka maelezo pembeni ya ukurasa, shairi liache.

Jibu 2
Nyie bado mko kwenye vina tu. Mshairi Kezilahabi alitoa diwani yake Kichomi 1974 bila vina wala mizani, watu wakagombana miaka na miaka kama ni ushairi au siyo, na leo anasomwa. Tukubali mvuto uko kwenye fikra.

Mleta mada
Kezilahabi aliamua mwenyewe kuviacha, akatafuta mdundo wake mwingine. Mwana Kupona alivichagua. Kumvua yeye leo alichochagua ni kesi nyingine kabisa.

Jibu 3
Bibi yangu hajui kusoma herufi hizi lakini beti kadhaa za huo utendi anazo kichwani kwa sababu alizipokea kwa kuimbiwa. Neno asilolijua anakwambia maana yake bila kukatisha mahadhi. Akikosea neno moja anarudi nyuma, anasema "hapana, haikai". Hajawahi kusikia mizani ni nini.

Jibu 1
Basi mimi najaribu, msinicheke:

Sogea wangu binti
keti hapa kwenye kiti
sikiliza kila beti
maneno ya kukwambia

Nane nane, -ti zote tatu, bahari ipo. Na darasa zima litaelewa.

Mleta mada
Mwalimu hongera kwa kweli, imekaa. Ila umetoa "wasiati" kabisa. Mama mgonjwa hapo anamwachia mtoto usia, wewe umemletea kiti.