Vyeti vya IT vya kuanzia (A+, CCNA na wenzake): vilikutoa jasho kiasi gani, na vimekulipa? Tupeane uzoefu

Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Wiki hii vijana watatu wameniuliza swali lile lile kuhusu cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco: "Bro, CCNA ni ngumu?" Nikishajibu, linafuata la pili: "Sasa nikiipata, kazi ipo?" Nimechoka kuandika jibu moja mara tatu, kwa hiyo naufungua uzi. Mliokalia mitihani hii njooni msimulie. Waliofeli watangulie, maana aliyefaulu husahau haraka alivyoteseka.

Naanza mimi. 2023 nilipokea mchezo, nikalipia CCNA. Ada ilikuwa dola 300, kwa dola ya siku hizo karibu laki saba na nusu. Mke wangu alijua hela inakwenda kwenye "kozi". Sikumwambia kwamba kozi yenyewe ni saa mbili tu mbele ya kioo.

Nilifeli. Na sikufeli kwa kutojua, nilifeli kwa kuzoea mitihani ya NECTA. Sote tumefundishwa tangu shule ya msingi: swali likikukwama, ruka, utalirudia. Kwenye CCNA ukishabonyeza kwenda mbele hakuna kurudi nyuma. Mapema tu nikapewa zoezi la vitendo, ruta mbili ambazo hazitaki kusalimiana kwa OSPF, lugha ambayo ruta huelezana njia za mtandao. Nikasema sitoki hapa mpaka zisalimiane. Zilisalimiana kweli, ila nilipotazama saa, nusu saa ilikuwa imekwenda kwa swali moja. Yaliyobaki niliyapita kama daladala inayomkimbia trafiki.

Karatasi ya matokeo inakupa asilimia za kila eneo, basi. Alama ya kufaulu Cisco hawaitangazi, kwa hiyo hata hujui umekosa kwa nywele au kwa kilomita. Kanuni inasema ukifeli, subiri siku tano ndipo urudie. Mfuko wangu ukasema subiri miezi mitano.

Miezi hiyo ndiyo niliyojifunza kugawa mtandao kichwani, kwa namba za magari foleni ya Ubungo. Nikiona T 177, naiweka mwisho wa anwani ya mtandao 192.168.10, halafu najipangia /27, alama inayosema kila fungu lina anwani 32. Mafungu ya 32: 0, 32, 64, 96, 128, 160, 192. 177 imeangukia fungu la 160, kwa hiyo mtandao unaanzia .160, anwani ya tangazo (broadcast) ni .191, vifaa vinavyoweza kukaa humo ni 30. Mwanzoni foleni nzima ilikwisha kwa gari moja. Mwezi wa tatu nikawa napiga kumi kabla taa haijawaka kijani. Mara ya pili nikafaulu, na usaili wa kwanza nikaitwa ndani ya mwezi. Nikiri tu, kabla ya cheti nilituma CV zaidi ya thelathini na simu haikulia.

Mdau wa 2

Nimekaa paleee.

Mdau wa 3, Mwanza

Mkuu, mimi ni fundi wa mtaani, miaka tisa nafungua kompyuta za watu. A+ niliidharau. Nikasema hii ya watoto, nitaifanya mchana nirudi dukani jioni.

Wasioijua: A+ ni cheti cha CompTIA cha ufundi wa kompyuta. Ni mitihani miwili, unailipia kila mmoja peke yake, na kila mmoja ni zaidi ya dola 200. Core 1 ni vifaa na mtandao, Core 2 ni mifumo endeshi, usalama na utaratibu wa kazi. Dakika 90 kila mmoja, maswali hayazidi 90. Core 1 unatakiwa upate 675, Core 2 upate 700, na kipimo chao kinaishia 900.

Core 1 niliteleza tu. Nilikuta swali la printa ya leza: karatasi inatoka na maandishi mazuri, ukipitisha kidole yanafutika. Nilicheka kwa sauti mpaka msimamizi akaniangalia. Ugonjwa ule nautibu kila wiki kwenye steshenari za jirani na chuo. Ni kile kipashio cha moto kinachoyeyusha wino wa unga ushike karatasi, kimechoka.

Core 2 ikaninyoosha. 684. Kilichoniua ni virusi. Jamani, mtaani kompyuta yenye virusi dawa yake ni moja: piga window, yaani futa yote uweke Windows upya. Mteja anasubiri, wewe unapiga window, unachukua chako. Mtihani nilioufanya ulikuwa na hatua saba, na walizitaka kwa mpangilio. Kwanza uthibitishe dalili, kisha utenge mashine na mtandao, kisha uzime System Restore, ile sehemu ya Windows inayotunza nakala za kurudishia mfumo, kwa sababu mdudu anaweza kujificha kwenye nakala za zamani ukamrudisha mwenyewe. Ndipo usasishe dawa na kuisafisha mashine, upange ukaguzi wa mara kwa mara, uwashe System Restore tena. Ya saba: umwelimishe mteja. Hapo nilishindwa kabisa. Kwetu ukimwelimisha mteja harudi!

Nilirudia wiki mbili baadaye nikapita. Kazi ya ofisini sijapata, na sijui kama naitaka. Lakini shule moja huku ilitangaza tenda ndogo ya kutunza maabara yake ya kompyuta, wakataka nakala ya cheti chochote cha ufundi. Tuliopeleka maombi tulikuwa wengi, mwenye cheti nilikuwa peke yangu. Na siku hizi mashine yenye virusi ikiletwa, kitu cha kwanza nachomoa kebo. Window baadaye.

Mdau wa 4, Nairobi

Jameni, wacha niongee kama mtu wa upande ule mwingine wa meza. Nahoji vijana wa dawati la msaada. Cheti kinanisaidia kupunguza rundo la maombi, sitadanganya. Lakini kinaishia mlangoni.

Swali langu la kwanza ni rahisi: "Mtu wa akaunti amekupigia, hana intaneti. Umeangalia, kompyuta yake imejipa 169.254.12.8. Unaanzia wapi?" Kijana mmoja alikuja na alama za juu sana. Akanitajia kwamba namba hiyo inaitwa APIPA, ile ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikikosa ya kupewa, akanitajia hata kinyago chake (subnet mask). Nikamwambia sawa, sasa unaanzia wapi? Kimya. Akaniuliza kama kuna machaguo.

Kama kuna machaguo! Nikajua huyu amekariri maswali yaliyoibwa yanayouzwa mitandaoni. Aliyefuata hakuwa na cheti bado, alikuwa amefanya Core 1 pekee. Akasema: "Hiyo mashine imemwita DHCP, mgawaji wa anwani za mtandao, haikujibiwa. Naangalia kebo na taa ya swichi, halafu namuuliza jirani yake kama yeye anayo. Jirani akiwa nayo, shida ni ya huyu. Kama wote hawana, naenda kwa seva." Huyo ndiye niliyemchukua.

Na hayo maswali ya wizi, mbali na kukuacha mtupu, wakikushika wanafuta cheti. Laki zako zimeenda na jina lako pia.

Mdau wa 5, Dodoma

Mnaotaka kufanyia nyumbani, nisikilizeni. Niliondoa kila kitu mezani, nikapiga picha za pande nne za chumba kama walivyotaka, nikamfungia paka nje. Mtoto nilimpeleka kwa bibi yake. Maandalizi ya harusi. Swali la arobaini na kitu, feni ikasimama. LUKU imeisha.

Laptopu ina chaji, ila ruta imezima. Simu iko kabatini na hairuhusiwi kuguswa, kuinuka kitini hairuhusiwi. Nilibaki nimekaa natazama kioo kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mtihani wangu uliishia hapo. Sina wa kumlaumu, uniti nilikuwa nanunua za elfu mbili mbili. Mara ya pili nilikwenda kituoni na vitambulisho viwili mkononi.

Mdau wa 3, Mwanza

Mdau wa 5 umeniua. Feni ikasimama!

Mdau wa 6, Dayton, Ohio

Mimi ni Mkongo, nilisoma Bukavu, nikafika huku na diploma ambayo hakuna aliyejua aisomeje. Nilianza na cheti cha Google cha IT Support kwa sababu unalipa kwa mwezi, ukisoma haraka unalipa kidogo. Kilinifundisha vizuri, lakini kwa wanaoajiri mji huu niliona A+ ndiyo inatajwa kwenye matangazo.

Neno langu kwa wanaokuja huku: Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina orodha ya vyeti inavyovikubali kwa watu wanaogusa mifumo yake, na A+ na Security+ (cha usalama wa mifumo) vimo. Ndiyo maana miji yenye kambi za jeshi kama huu wetu vyeti hivi vina bei. Ila kazi nyingi za aina hiyo zinataka uraia, mimi bado sina. Niko kwenye shule za wilaya, natengeneza Chromebook ambazo watoto wamezikalia. Mtihani wenyewe kilichonitesa ni Kiingereza. Swali linauliza "kipi ufanye KWANZA", majibu yote manne ni ya kweli. Nilikuwa nasoma mstari wa mwisho kabla ya hadithi.

Mdau wa 7, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nitasema dogo tu ambalo hakuna aliyelitaja. CCNA ina umri wa miaka mitatu. Yangu nilikuwa nimeitundika ukutani nikaisahau. Kazi ilipotokea, mwajiri akaangalia tarehe, imeshakufa miezi minne. Nikaanza upya kama mgeni. Wekeni kengele kwenye simu.

Mdau wa 8, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili chuo, hela ya mtihani sina, laptopu yangu inaunguruma kama mashine ya kusaga. Nianzie wapi?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Usilipie chochote sasa. Jisajili Cisco Networking Academy upakue Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ni bure, na laptopu ya mashine ya kusaga itaibeba. Uliza pia hapo chuoni, vyuo kadhaa vyetu vina madarasa ya akademia hiyo na wanaofuzu huweza kupata punguzo la mtihani. Jenga mtandao wa ofisi mbili, uuharibu kwa makusudi, ulale, asubuhi uutafute ulipoharibika. Siku ukiutengeneza bila kufungua madesa, rudi hapa tuongee hela.

Mdau wa 3, Mwanza

Dogo, nina swichi mbili za zamani hapa dukani, moja ina milango miwili imekufa. Nakuwekea kwenye basi. Nauli ya mzigo utalipa wewe ukipokea.

Mdau wa 8, Morogoro

Mkuu uko siriazi?

Mdau wa 3, Mwanza

Nitumie namba inbox. Na kebo ya konsoli, ya kuunganisha swichi na laptopu uipange, utafute mwenyewe, ya kwangu siitoi.