Kaburi chini ya mti: je, Nairobi inawezekana?

Mtembezi wa Ngong: Habari zenu, ndugu. Nilipokuwa nikitembea vijijini Uingereza na dada yangu anayeishi huko, tulipita kwenye msitu mchanga ambao niliudhania kuwa shamba la miti, hadi nilipoinama na kuona kibao cha mbao chenye jina la marehemu, kando ya mche wa mwaloni uliofika kiunoni. Hapakuwa na saruji wala vigae. Je, kwetu inawezekana?

Mama Njeri: Utaratibu huo ulianzia Carlisle, mji wa Uingereza, mwaka 1993. Mwili hautiwi dawa, jeneza ni la fito za kusukwa, na mti hupandwa badala ya jiwe. Hapa Nairobi, makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa mwaka 1996, lakini bado tunazika humo juu ya waliotangulia, jambo linaloniumiza sana.

Abu Salim: Dada Njeri, sisi Waislamu huzika kwa sanda bila jeneza, kwa hiyo nusu ya jambo hili si geni. Naye Profesa Wangari Maathai, aliyefariki mwaka 2011, hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji.