Kuruka bawa kwa bawa: FAST, FFI au mafunzo ya wenye Bonanza?

Bonanza_Texas
Habari zenu wakuu. Nina PPL (leseni ya rubani binafsi), saa 210 za kuruka, na Bonanza, ndege ndogo ya injini moja, tuliyonunua watu watatu hapa Texas. Natamani Julai niingie Oshkosh, kwenye mkutano mkubwa wa ndege kule Wisconsin, nikiruka na kundi. Mwenzangu mmoja amejitolea kunifundisha kuruka bega kwa bega, yaani ndege kadhaa karibu karibu kwa mpangilio, nichangie mafuta tu. Wengine wananiambia FAST, wengine FFI (zote mbili ni taasisi za mafunzo ya kuruka hivyo), wengine mafunzo ya wenye Bonanza. Niende wapi?

MkongweRV
Kabla hatujafika kwenye bei, huyo mwenzako naye alifundishwa na nani? Kanuni ya anga ya 91.111 ya Marekani inataka marubani wote wakubaliane kabla ya kuruka pamoja, na inakataza kubeba abiria wa kulipa. Haidai mafunzo wala mtihani. Kwa hiyo watu wawili wasiojua kitu wanaweza kupaa pamoja kihalali kabisa.

Mimi nilianza hivyo hivyo, na rafiki. Safari ya pili, kwenye kona, jua likanipiga usoni nikampoteza. Hatukuwa tumepanga nani ageukie wapi. Kwa sekunde kadhaa sikujua kama yuko juu yangu au chini. Nilipotua mikono ilikuwa bado inatetemeka.

Baadaye nikaenda FFI, ambako wenye RV wengi, ndege ndogo za kujiundia, tunapitia. Kabla ya kugusa ndege tulitembea kwa miguu uwanjani, kila mtu kwenye nafasi yake, tukifuata kiongozi kona kwa kona. Ukiwa angani unalinganisha alama mbili kwenye ndege ya kiongozi. Zikibaki kwenye mstari mmoja, uko mahali pako. Akitikisa mabawa, sogea karibu. Akiyumbisha mkia kushoto na kulia, peaneni nafasi zaidi. Na somo lililonigusa kuliko yote: usipomwona kiongozi, unatamka hivyo redioni na kujitenga mara moja kwa upande mliokubaliana kabla ya kupaa. Hubahatishi.

DadaMinnesota
Kaka, kwa Oshkosh na Bonanza jibu lako lipo tayari. Msafara wa Bonanza unaruka kutoka Rockford, Illinois, tangu 1990, na huingii bila kupitia mafunzo yao. Mnapangwa watatu watatu, na utajifunza pamoja na watu wa ndege kama yako, mwendo unaokaribiana. Ila elewa kwamba lengo lao ni safari hiyo. Hayakuandai kwa maonyesho.

FAST ni njia ndefu zaidi. Imejengwa na wenye ndege za zamani za kijeshi, kina T-6, T-34 na Yak-52. Kuna kadi ya rubani wa ubavuni (anayemfuata kiongozi) na kadi ya kiongozi, na kila moja unapimwa angani. Ukitaka kuruka na kundi kwenye maonyesho ya anga, kadi ya namna hiyo utaulizwa. Kama hilo si lengo lako, usijibebeshe gharama yake sasa.

Wilson_NBO
Huku Nairobi mimi nilimtafuta mwalimu aliyestaafu jeshi la anga, akakaa kiti cha kulia. Saa nzima ya kikao cha kupanga safari, dakika arobaini angani, kisha saa nyingine ya kuchambua makosa. Ungemwuliza mwenzako kama yuko tayari kwa vikao hivyo. Akisema havina haja, achana naye.

MkongweRV
Naunga mkono. Na msidhani ustadi pekee unatosha. Tarehe 8 Juni 1966, California, ndege tano ziliruka pamoja ili zipigwe picha. F-104, ndege ya kivita ya Joe Walker, rubani wa majaribio wa NASA (shirika la anga la Marekani), ikagongana na XB-70, ndege kubwa ya majaribio ya kutupa mabomu. Watu wawili walikufa, Walker mmojawao. Mtu akikuambia "tusogee kidogo, picha itoke vizuri", kataa.

Bonanza_Texas
Asanteni sana. Nimeongea na mwenzangu. Alifundishwa na rafiki yake, basi. Amekubali twende wote kwenye mafunzo ya Bonanza. FAST nitaiangalia mwakani.

DadaMinnesota
Safi sana. Mkifika, omba uanzie kulia kwa kiongozi. Ukiwa kiti cha kushoto, upande huo unamwona moja kwa moja dirishani. Kushoto kwake inabidi umtazame kupitia mwalimu wako.